Taarifa ya Mashimo Tisa

Kamati iliomba kurasa mbili: ubora, kasoro, gharama.
Nilikuja na futikamba, daftari la mistari,
na viatu vya mvua, ingawa Tabora haijaona tone
tangu mwezi wa nne.

Shimo la kwanza halina kosa, na hilo ndilo kosa lake.
Limenyooka kama reli ya kwenda Urambo.
Linakupokea vizuri, linakukalisha,
kisha unagundua mwenyeji hajabandika hata chungu.

La pili nimelipenda. Andikeni hivyo, kwa wino.
Linapinda kushoto penye mninga mmoja
na mninga huo ndio unaouliza:
utapita juu, au utazunguka kwa adabu?
Hodari na mwoga wote wanapata jibu,
kila mmoja kwa bei yake.
Hivyo ndivyo shimo linavyopaswa kusema na mtu.

La tatu, hapana. Nitalirudia.

La nne tunapiga kuelekea magharibi
saa kumi na moja jioni, wanachama wakitoka kazini,
jua likiwachoma machoni kama kitunguu.
Aliyelichora alilichora asubuhi.

Grini zetu si za kijani, mnajua:
mchanga uliokandwa kwa oili chafu ya karakana,
mweusi, mtiifu, na reki ya kufutia nyayo.
Wageni wa Dar hucheka. Mimi sicheki.
Mchanga huu hauombi maji ya Igombe
wakati Isevya ndoo zimepanga foleni.
Liwekeni hilo kwenye ubora. Liwe la kwanza.

Sasa la tano. Bwana Lugendo ameniandikia barua mbili
kuhusu kichuguu kilichokaa katikati ya njia,
chekundu, kirefu kuliko mimi.
Anataka kisawazishwe kabla ya mashindano ya Saba Saba.
Nimekaa kivulini mwake nikipima.
Upande wa kulia ni mpana, lakini unateremkia korongoni;
wa kushoto ni mwembamba, ila ukithubutu
bendera inakufungukia kama mlango.
Hakuna mhandisi aliyepanga haya.
Shimo bora la kiwanja hiki limebuniwa na mchwa,
nao hawajaleta ankara.

La sita limekatwa na njia ya miguu.
Wanawake wanapita na uji wa wagonjwa wa Kitete,
wamefunika vibakuli kwa sahani.
Mnataka uzio. Mimi nasema
rudisheni sehemu ya kuanzia nyuma hatua thelathini
na mchezaji ajifunze kusubiri.
Njia ilikuwepo kabla ya gofu.

La saba nimelisahau, na jana tu nimelipita.
La nane ni la pili lililochoka.
La tisa linaishia nyuma ya jiko la klabu:
unalenga bendera, unapiga moshi wa mishikaki.

Mwisho, mapendekezo. La kumi na mbili nililiandika haraka:
*Vichaka vyote vifyekwe, mipira isipotee.*

Mihayo, kedi aliyenishikia ncha ya futikamba siku nzima,
akasoma juu ya bega langu.
“Dada Nyamizi, na vichaka umeviandika?”
Nikasema ndiyo.
Hakujibu. Akafungua kiroba chake
nikaona mipira kumi na mmoja, imeoshwa,
mmoja una herufi L kwa kalamu ya bluu.
Jumamosi huwauzia walioipoteza,
bei kwa makovu.
Sikumwuliza pesa zinakwenda wapi.

Bwana Mwenyekiti, pendekezo la kumi na mbili nimelifuta.
Mtaona mstari umekatwa, msidhani ni uchafu.
Na kuhusu shimo la tatu, ambalo niliahidi kulirudia,
kasoro yake nimeiona sasa:
upande wa kulia, vichaka ni vichache mno.